Fuata ugomvi ulikohamia: namna ya kukihoji chombo kilichoingia nyumbani, tukianza na mita ya LUKU

Nyumba ninayopanga hapa Temeke, Dar es Salaam, ina vyumba sita, bomba moja, choo kimoja na mita moja ya LUKU, ile ya kulipia umeme kwanza ndipo uutumie. Mita iko koridoni, kati ya mlango wangu na mlango wa dada wa chumba cha nne. Mimi ni fundi cherehani, na huu ni mwaka wa kumi na moja ndimi ninayeshika daftari la umeme: nakusanya michango, nanunua, naingiza namba, naandika. Hakuna aliyenichagua. Kazi yangu inanifanya nishinde nyumbani, basi ikawa hivyo.

Naandika kwa sababu kila nikisikia watu wazima wanajadili teknolojia, iwe redioni au chini ya turubai la msiba, maneno ni yale yale. Huyu anasema imetuletea maendeleo, yule anasema imetuharibia watoto. Wanabishana mpaka kahawa inapoa, halafu kila mtu anaondoka na lake. Mimi nataka nikuonyeshe kazi ambayo unaweza kuifanya wewe na majirani zako kwa wiki tatu au nne, mkiwa na daftari la mistari na kalamu mbili za rangi tofauti, na mwishoni mkawa na kitu cha kumwekea mtu mezani. Naionyesha kwa mita kwa sababu mita ndiyo ninayoijua. Mwenye duka anaweza kuianzia kwenye mashine ya risiti, mwenye bodaboda kwenye simu inayompa abiria.

Jambo la kwanza, chagua chombo kimoja kinachogusika. Usiandike juu ya ukurasa "teknolojia" wala "mitandao." Andika "mita hii, ya koridoni kwetu." Ukishindwa kukinyooshea kidole, huo si uchunguzi, ni hotuba.

Uliza ugomvi, usiulize maoni

Hili ndilo kubwa, na nitakaa hapa.

Ukimuuliza jirani, "Unaionaje LUKU?" atakujibu, "Nzuri tu," au, "Wizi mtupu," na hujapata kitu. Muulize hivi: "Mara ya mwisho mlikwaruzana lini hapa kwa ajili ya umeme, na ilianzaje?" Utaona anavyovuta kigoda. Atakutajia siku, saa, nani alisema nini, nani alifunga mlango kwa kishindo. Muulize kila mtu peke yake. Usimsahau mtoto anayetumwa kununua, wala mlinzi wa chumba cha tano anayelala mchana na kwenda lindoni usiku, ambaye analipia taa asizoziona zikiwaka.

Halafu gawa ukurasa kwa mstari. Kushoto andika ugomvi wa kabla ya chombo, kulia ugomvi wa baada yake. Kwa kushoto tafuta mtu mzima aliyekuwepo. Sisi tuna mzee wa chumba cha mbele, amekaa nyumba hii tangu mita ni zile za kuzunguka kisahani. Alinisimulia kwamba msoma mita alikuwa anakuja na tochi na kitabu, bili inaletwa kwa jina la mwenye nyumba, na ikicheleweshwa anakuja mtu wa kukata akiwa na ngazi. Mtaa mzima ulikuwa unaiona hiyo ngazi. Ila yule wa ngazi alikuwa mtu. Alikaribishwa maji ya kunywa, akaelezwa kwamba nyumbani kuna mgonjwa, na siku nyingine alisema, "Haya, nitapita Ijumaa."

Upande wa kulia nimeuandika mwenyewe. Nikupe usiku mmoja.

Saa mbili na nusu. Mita imeanza kulia: tii, kimya, tii. Vyumba vyote sita vinasikia. Redio ya chumba cha pili inapunguzwa. Mlango wa chumba cha tatu, uliokuwa wazi kwa ajili ya upepo, unarudishwa polepole. Mtoto wa chumba cha nne anasema, "Mama, LUKU inalia," na mama yake anamjibu, "Wewe soma." Hakuna anayetoka, kwa sababu atakayetoka kwanza ndiye atakayeonekana ana pesa. Tunasubiriana hivyo kama dakika arobaini. Taa inazimika. Ndipo milango yote inafunguka kwa mara moja, na maneno yanaanza: nani ana friji, nani anachemsha maji kila asubuhi, nani alitoa elfu mbili wakati wenzake walitoa elfu tano.

Sasa weka safu mbili sambamba. Kushoto, ugomvi ni kati ya nyumba na shirika la umeme. Kulia, ni kati ya chumba na chumba. Ugomvi haukuisha LUKU ilipoingia. Ulihama. Ulitoka getini ukaingia koridoni, na ulipoingia koridoni ukabadilika sura, ukawa unaonekana kama tabia mbaya za watu. Ukitaka kujua chombo kimefanya nini kwa watu, fuata ugomvi ulikohamia. Hatua nyingine zote zinatoka hapa.

Angalia pia kilichopotea katika kuhama. Umeme ukikatwa na mtu wa ngazi, kuna karatasi: nyumba namba fulani imekatiwa. Uniti zikikuishia usiku huna elfu mbili, hakuna aliyekukatia. Giza hilo haliandikwi popote. Kwa hiyo liandike wewe. Katika daftari letu nachora duara jeusi kila usiku tunaolala gizani kwa kukosa pesa, na duara tupu kwa usiku ambao umeme umekatika mtaa mzima. Usiyachanganye. Machi peke yake tulikuwa na maduara meusi matano.

Pima, na uanze na chako

Chumba cha nne tulikuwa tunamsema kwa ajili ya jagi lake la umeme la kuchemshia maji. Miezi mingi tumemsema. Nilipoanza uchunguzi huu nikalitazama chini, limeandikwa wati 2000. Uniti moja ya LUKU ni wati elfu moja zikitumika saa moja. Jagi lake linachemsha kwa dakika tano, kwa hiyo linakula kama uniti 0.17, na kwa bei yetu hiyo ni shilingi 59 au 60. Akichemsha mara mbili kwa siku, mwezi mzima ni uniti kumi.

Nikaona haki inanitaka nipime na pasi yangu. Nilichagua saa tano asubuhi wengine wako kazini, nikaomba waliobaki wazime, nikasoma mita, nikapiga pasi saa nzima kama ninavyofanya siku zote, nikasoma tena. Nusu uniti. Napiga pasi kama saa mbili kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Uniti 26. Mshika daftari nilikuwa natumia zaidi ya mara mbili na nusu ya jagi lililokuwa linasemwa, na nilikuwa natoa mchango sawa na yeye. Nilikwenda kwa dada nikamwambia, nikamwomba radhi, na kuanzia mwezi ule mchango wangu ukapanda.

Nakueleza hili kwa sababu uchunguzi wa namna hii unaharibika upesi sana ukigeuka kesi ya jirani. Kabla hujapima cha mwenzako, pima chako, tena yeye akiwa anaona.

Soma risiti mstari kwa mstari

Usiitupe meseji ya manunuzi. Kaa chini, andika kila kilichokatwa. Kwenye umeme wetu kuna VAT asilimia 18, kuna asilimia 3 ya REA kwa ajili ya umeme vijijini, kuna asilimia 1 ya EWURA, msimamizi wa huduma hizi. Jumla asilimia 22 juu ya bei ya uniti. Na bei ya uniti inategemea uko kundi gani. Kwa bei zilizoanza 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, anaitwa D1 na uniti yake ni shilingi 100. Mteja wa matumizi ya kawaida anaitwa T1, uniti yake ni shilingi 292. Ongeza ile asilimia 22: wa kwanza analipa 122, wa pili analipa 356 na senti. Ndiyo maana elfu kumi kwa huyu wa pili inatoa uniti 28, na kwa yule wa kwanza uniti 75 zote zinapatikana kwa 9,150. Ukisoma haya bei au makato yakiwa yameshabadilika, badilisha tarakimu, hesabu ni ile ile.

Mtafute mtu aliyekuwa kichwani mwao

Kila chombo, na kila kanuni iliyofungwa ndani yake, kilitengenezwa mtengenezaji akiwa anamwona mtu fulani kichwani. Kumpata ni rahisi. Igeuze kanuni iwe sentensi inayoanza na "mtu ambaye." Kwa lile kundi la uniti 75 nilipata hii: mtu ambaye ni maskini, anatumia umeme kidogo, na ana mita yake peke yake.

Aliyepanga kundi hilo alimhurumia maskini, na naiheshimu nia yake. Ila maskini aliyemwona alikuwa na mlango wake na mita yake. Hakumwona maskini aliyepanga chumba. Mita inahesabu nyumba, haihesabu watu. Sisi kaya sita tukiwekwa kwenye mita moja tunaonekana kama tajiri mmoja.

Nyumba yetu inatumia uniti kama 120 kwa mwezi. Tukigawa sawa, kila chumba ni uniti 20. Mtu anayetumia uniti 20 kwenye mita yake mwenyewe, akiwa D1, angelipa 2,440. Sisi kila chumba kinatoa 7,125 kwa umeme ule ule. Nyumba nzima tunalipa 42,749 badala ya 14,640. Tofauti ni zaidi ya shilingi 28,000 kila mwezi, na kwa mwaka inapita 337,000. Nilirudia hesabu hii mara tatu, mara ya mwisho nikampa kijana wa chumba cha pili anayesoma chuo aikague. Aliinua macho akaniambia, "Mama, kwa hiyo yale makelele yote ya koridoni ni hii."

Kuna watu wengine kichwani mwa mita hii. Mtu anayeona vizuri tarakimu ishirini. Mtu mwenye simu yenye chaji. Mzee wa chumba cha mbele ana mtoto wa jicho, haoni vitufe wala meseji, kwa hiyo umeme wake unapita mikononi mwangu. Nikisafiri kwenda kwetu Tanga, mzee anategemea huruma ya atakayebaki. Waandike pia watu kama hao, hata kama ni mmoja.

Uliza kilizaliwa wapi

Hatua hii wengi wataiona ya wasomi. Mimi iliniijia kupitia vidole. Mwaka 2024 wateja wa LUKU tulitangaziwa kwamba mita zote ziboreshwe kabla ya tarehe 24 Novemba. Ukinunua unaletewa mafungu matatu ya tarakimu ishirini ishirini: mawili ya kwanza ni ya kubadilisha ufunguo wa mita, la tatu ndilo umeme. Tarakimu sitini. Nilisimama koridoni, mtoto wa chumba cha nne ananisomea nne nne, nami nabonyeza. Tulipomaliza fungu la pili na mita ikakubali, akaniuliza, "Shangazi, kwa nini tarehe 24? Kwa nini siyo mwisho wa mwezi?"

Swali la mtoto yule ndilo swali la kuuliza. Ukiona ndani ya chombo kuna namba au tarehe isiyo na maelezo, simama hapo, kuna mlango.

Jibu ni kwamba kila namba ya LUKU inabeba ndani yake muda ilipotolewa, ukihesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, ili mita ikatae namba iliyokwisha kutumika. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216 na haizidi hapo. Dakika hizo zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Tulichokuwa tunabonyeza sisi Temeke, walikuwa wanabonyeza na watu wa nchi nyingine nyingi, kwa sababu utaratibu huu wa namba ni mmoja. Unaitwa STS, na ulitengenezwa Afrika Kusini. Hesabu mpya imeanzishwa kutoka 2014, itafika 2045.

Basi nikauliza: kwa nini Afrika Kusini, na kwa nini miaka ile? Huko, miaka ya 1980, wakazi wa vitongoji vya Waafrika kama Soweto walikuwa wamegoma kulipa kodi za nyumba na ankara za huduma, ikiwa sehemu ya mapambano dhidi ya serikali ya makaburu. Mgomo ule ulikuwa na nguvu kwa sababu unakaa juu ya deni: umeshatumia, sasa unakataa kulipa, na shirika haliwezi kumtuma mtu wa ngazi mtaa mzima ukiwa umesimama pamoja. Mwishoni mwa miaka hiyo na kuingia ya 1990, wakati shirika la umeme la kule, Eskom, linaanza kuunganisha nyumba kwa wingi, mita ya kulipa kwanza ndiyo iliyochaguliwa. Kwa mita hiyo hakuna deni. Na deni ambalo halipo huwezi kuligomea.

Simaanishi kwamba walioileta LUKU kwetu katikati ya miaka ya 1990 walikuwa na vita hiyo. Sisi tulikuwa na shida zetu za bili zisizolipwa, wakubwa kwa wadogo. Nasema chombo kinasafiri na mazoea ya kule kilikozaliwa, hata kikishushwa bandarini bila historia yake. Mazoea ya hiki ni kumfanya kila mtu akutane na umeme peke yake. Kule Soweto mita za namna hii ziliingia hadi kwenye maji. Wakazi wa Phiri, wakiongozwa na Lindiwe Mazibuko, waliipeleka kesi mahakamani, wakashinda mwaka 2008 Mahakama Kuu, na Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba ikaamua upande wa jiji la Johannesburg. Walishindwa mwishoni. Lakini soma walivyolalamika na utaona koridoni kwetu.

Angalia kimebebeshwa nini baadaye

Chombo kikishaweza kuingia mfukoni mwako kila mwezi, wengine watakiona na watataka kukitumia. Mwezi Agosti 2021 kodi ya majengo ikaanza kukatwa kwa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ambayo baadaye ikawa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Anayenunua LUKU ni mpangaji. Mita haijui nani mwenye nyumba, inajua nani amebonyeza.

Zamani, katika kukusanya kodi ile, kulikuwa na ankara yenye jina, na mwenye jina ndiye aliyekwenda kupanga foleni. Sasa foleni imekwisha, na hilo ni jema, lakini pamoja na foleni limeondoka na jina. Kwa chombo chako uliza hivi: kilipokuja kiliahidi kufanya kazi gani, na leo kinafanya kazi ngapi? Zile zilizoongezeka, nani aliziomba?

Andika kilichookoa

Ukiruka hapa, usishangae wasikusikilize. Nilimuuliza mzee wa mbele kama angependa ile mita ya kisahani irudi. Alikataa kabla sijamaliza. Akanikumbusha bili za kukadiria, ambazo mtu hajasoma mita ila kaandika tu. Akanikumbusha vishoka waliorudisha umeme usiku kwa malipo ya chini ya meza. Na akanipa moja iliyoniuma: miaka ile wapangaji walikuwa wanampa mwenye nyumba pesa za umeme, mwenye nyumba anakula, ngazi inakuja, na waliolipa wanalala gizani pamoja na wasiolipa. Leo pesa yako inageuka uniti mbele ya macho yako. Unaweza kununua ya elfu moja, usiku wa manane, ukiwa kitandani. Kwa mtu anayepata pesa kwa siku, kama mimi, hiyo ni heshima kubwa.

Yote hayo nimeyaandika kwa kalamu ya bluu. Ya upande mwingine ni kwa nyekundu. Kurasa zangu zina bluu nyingi kuliko nilivyotegemea, na sijafuta hata mstari mmoja.

Ipeleke hesabu kwa mtu mwenye uwezo wa kubadilisha kitu

Rudi kwenye ramani ya ugomvi. Kila ugomvi uulize: nani ana uwezo wa kuuondoa huu hapa ulipo? Wetu ulikuwa na milango mitatu.

Kodi ya majengo ni ya mwenye nyumba, basi tulianza naye. Hatukwenda na lawama. Nilimwalika Jumapili alasiri, nikamtandikia mkeka barazani, nikamwonyesha meseji kumi na mbili za manunuzi zenye makato. Tulikubaliana kwamba 18,000 za mwaka zipunguzwe kwenye kodi ya chumba, mgawanyo sawa vyumba sita, na karatasi ikasainiwa mbele ya mjumbe. Elfu tatu kwa kila chumba. Ni ndogo, lakini jina limerudi kwa mwenye jengo.

Mlango wa pili ulitaka kichwa zaidi. Wazo letu la kwanza lilikuwa kila chumba kiwe na mita yake. Kuunganishiwa umeme mjini, njia moja, bila nguzo, ni 320,960. Mara tano, kwa vyumba vitano vya nyongeza, haifikiriki. Watu wengi hapa wanakimbilia vimita vidogo vya kugawia ndani, na nakutahadharisha: vile vinapunguza makelele kwa sababu kila mtu anaona chake, lakini mita kubwa bado ni moja, na bei inabaki ya yule tajiri wa kubuni. Kijana wa chumba cha pili ndiye aliyegundua kwamba hatuhitaji mita sita. Uniti 120 zikigawanywa kwenye mita mbili, kila moja ni 60, chini ya 75. Mita moja ya nyongeza, vyumba vitatu huku na vitatu kule. Gharama yake inarudi ndani ya mwaka mmoja kwa ile tofauti ya 28,000 kwa mwezi.

Ukitaka kufuata njia hii, zingatia mambo manne. Maombi anafanya mwenye nyumba. Kundi la bei halijipangi lenyewe, shirika linaangalia wastani wa matumizi, kwa hiyo liombe kwa maandishi na utunze nakala. Hakikisha kodi ya majengo imefungwa kwenye mita moja tu kwa jengo moja. Na mgawe vyumba kwa matumizi, siyo kwa urafiki: pasi yangu na friji ya chumba cha tatu haziwezi kukaa mita moja. Mwenye nyumba ameshaita fundi apime ukuta wa nyuma. Pesa tunachanga, tumefika zaidi ya nusu.

Mlango wa tatu ni wa lile kundi la uniti 75 lenyewe, yaani kuomba kanuni imtambue mpangaji. Hilo si la nyumba moja. EWURA bei zikitaka kubadilishwa inapokea maoni ya wananchi, na kuna baraza la watumiaji, EWURA CCC, lililowekwa kwa ajili ya kutusemea. Barua yetu ni ukurasa mmoja. Nakushauri na yako iwe hivyo: aya moja ya hesabu, aya moja ya maduara meusi, aya moja ya ombi lenye namba ndani yake. Neno "teknolojia" halimo. Nyumba mbili za jirani zimeazima daftari langu ili zitengeneze la kwao. Hesabu zao zikikamilika tutazibandika pamoja kabla ya kupeleka, kwa sababu nyumba moja inaonekana shida ya nyumba moja.

Dada wa chumba cha nne amenunua daftari lake wiki iliyopita. Amechagua simu aliyoichukua kwa malipo ya kila siku, ile inayojifunga mtu asipolipa. Anauza vitenge, na oda zake zote zinaingia kwa simu hiyo. Jana jioni alinisomea alipofika. Kushoto ameandika: "Nikichelewa kumlipa mwenye duka, alinifuata nyumbani, tukaongea." Kulia ana mstari mmoja tu mpaka sasa: "Nikichelewa siku moja simu inajifunga, na wateja wangu wanadhani nimekula hela zao nikakimbia."